Uchambuzi wa kisa: wazamiaji wawili waliochukuliwa na mkondo wakifuata papa pingusi

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye safari ya boti ya siku nne iliyoondoka Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, kwenda kwenye kisiwa kidogo kisicho na wakazi wa kudumu. Majina ya watu, ya boti na ya kisiwa yameondolewa. Kina, muda na shinikizo ni kama vilivyosomwa kwenye kompyuta za wazamiaji na kwenye daftari la nahodha. Saa zote ni za Kiswahili.

Boti ilikuwa na urefu wa mita 16, injini mbili, na mwendo wa kawaida wa noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa. Kutoka Mombasa hadi kisiwani ilichukua saa saba. Ndani walikuwemo watu 12: wageni sita wa kuzamia, kiongozi wa mbizi, mwalimu, nahodha, mabaharia wawili na mpishi. Wageni wote walikuwa na vyeti vya kuzamia hadi mita 30, na mmoja wao, ambaye hapa tutamwita Mpiga picha, alikuwa ameshapiga mbizi zaidi ya 300. Mwenzake wa kuzamia alikuwa na mbizi 70 hivi. Tutamwita Mwenzi.

Wageni wengi walikuwa wameshaogelea na potwe, papa shilingi, katika pwani ya kusini. Hilo lina uzito katika kisa hiki. Potwe hukaa karibu na uso wa maji, huenda taratibu, na mtu humwona akiwa na mrija tu mdomoni. Aliyezoea potwe huja na picha kichwani kwamba kuona papa ni jambo la maji mepesi na jua. Pingusi, yule papa mwenye kichwa cha nyundo, ni habari nyingine. Mchana hukusanyika kwa makundi kwenye ncha za miamba na milima ya chini ya bahari ambako mkondo unapiga, mara nyingi chini ya mita 30, na usiku hutawanyika kwenda kuwinda. Kisha ni mwoga wa mapovu: mzamiaji akitoa pumzi kwa nguvu, kundi zima hugeuka. Tangu 2019 pingusi ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na kwa sababu hiyo watu hulipa pesa nyingi na kusafiri mbali kumwona. Kwa hiyo anapotokea, kila kitu ndani ya mzamiaji kinamsukuma aende chini, aende mbali na mwamba, na abane pumzi. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyomo katika kisa hiki.

Vifaa

Mitungi ilikuwa ya alumini, ya lita 11.1, ikijazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo). Wageni wanne, akiwemo Mpiga picha, walitumia nitroksi yenye oksijeni asilimia 32. Wengine, akiwemo Mwenzi na kiongozi, walitumia hewa ya kawaida. Maboya ya ishara, yale marefu ya rangi ya chungwa ambayo mzamiaji huyajaza hewa na kuyarusha juu akiwa bado chini, yalikuwa manne kwa watu wanane. Mwenzi alikuwa nalo. Mpiga picha aliliacha kitandani kwa sababu kamera yenye taa mbili ilikuwa imejaza mikono.

Oksijeni ya huduma ya kwanza ilikuwa mitungi miwili ya lita 5, kila mmoja baa 150. Simu ya setilaiti ilikuwapo, pamoja na redio ya VHF yenye antena iliyosimama mita nne juu ya maji.

Mpango wa asubuhi hiyo

Ilikuwa siku ya tatu na mbizi ya sita ya safari. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, kwa hiyo bahari ilikuwa kwenye bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi. Maji yalijaa kabisa saa 10:50 alfajiri na yangepwa kabisa karibu saa 5:00 asubuhi. Mpango wa awali ulikuwa kuingia majini saa 4:40, wakati maji yanakaribia kusimama. Usiku wake mpango ukabadilishwa: waingie saa 2:20, ili mbizi tatu zitoshe kabla kaskazi haijapanda mchana.

Wazamiaji waligawanywa makundi mawili. Mwalimu alichukua wageni wawili upande wa ndani wa mwamba. Kiongozi alichukua wanne hadi ncha. Maelezo yaliyotolewa juu ya boti yalikuwa mazuri, na tutayarejea: kina kisizidi mita 28, ukifika baa 100 ondoka kwenye ncha na ufuate mwamba kupanda, simama mita 5 kwa dakika tatu, uwe juu ya maji na baa 50. Ukimpoteza mwenzako, mtafute kwa dakika moja tu, kisha panda.

Saa 12:45, boti ikiwa imetia nanga mita 400 hivi kutoka ncha, mpishi alitumbua changu na kolekole wa chakula cha mchana na kumwaga matumbo nyuma ya boti.

Yaliyotokea

Saa 2:24 kundi la kiongozi liliingia. Mkondo uliwapeleka kwenye ncha haraka kuliko siku zilizotangulia, na saa 2:29 walikuwa wameshika mwamba kwenye mita 26, mapovu yao yakilala upande badala ya kupanda wima. Hiyo ni dalili ya kutosha. Mapovu yakilala, na mengine yakivutwa chini kwenye ukingo wa mwamba, mbele pana mkondo unaozama.

Kundi la pingusi, kiasi cha ishirini, lilipita kwenye maji ya buluu karibu mita 40. Kiongozi alitoa ishara ya kubaki. Mpiga picha aliachia mwamba na kushuka akielekea nje, akibana pumzi ili asiwafukuze. Mwenzi, akifuata kanuni ya kutomwacha mwenzake, akaenda nyuma yake. Kiongozi aligonga mtungi kwa chuma, akashuka hadi mita 34, akawaona wote wawili wakiwa chini yake, kisha akasimama. Saa 2:33 kompyuta ya Mwenzi iliandika mita 41.

Hapo mkondo wa ukingoni uliwanasa. Mwenzi alishika mkanda wa jaketi la Mpiga picha, lile linalojazwa hewa ili kuelea, wote wawili wakapiga mapezi ya miguuni kuelekea nje, mbali na ukuta, huku wakiongeza hewa kwenye majaketi. Katika dakika nne Mwenzi alitoka baa 110 hadi 60. Ukipiga hesabu: baa 50 mara lita 11.1 ni lita 555, kwa dakika nne ni karibu lita 139 kila dakika. Mtu yuleyule akiwa ametulia juu ya maji hutumia lita 15 hadi 20.

Saa 2:38 walikuwa mita 30, Mpiga picha akiwa na baa 45. Mkondo unaozama ulipowaachia, hewa waliyoijaza kwenye majaketi ilitanuka, na kutoka mita 24 hadi 12 walirushwa kwa chini ya nusu dakika. Kasi inayopendekezwa na mafunzo mengi ya sasa ni mita 9 kwa dakika. Walifungua vali, wakajidhibiti, wakasimama mita 5 kwa dakika tatu. Hapo Mwenzi alirusha boya. Saa 2:45 walitokeza. Boti haikuonekana.

Kiongozi, kwa upande wake, aliangaza macho kwa dakika moja, akapanda na wageni wawili waliobaki, akasimama mita 5 na kutokeza saa 2:43. Neno lake la kwanza kwa boti lilikuwa: "Nahodha, wawili hawapo! Mkondo umewatoa nje ya ncha, kaskazini-mashariki, yapata dakika kumi sasa."

Nahodha alibonyeza alama kwenye GPS na kuandika saa. Akaamuru baharia mmoja arushe jaketi la kuokolea lililofungwa boya dogo, lielee na mkondo uleule. Kisha akawakusanya watu wa kiongozi na wa mwalimu, kazi iliyomaliza dakika 12, na akazunguka mahali walipoingilia. Saa 2:58 aliita kwenye chaneli ya 16, mara mbili, kwa wito wa dharura wa daraja la pili, Pan-Pan. Hakuna aliyejibu. Saa 3:04 alipiga simu ya setilaiti kwa mtu wa zamu Mombasa, naye akakiarifu kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichoko mjini.

Wawili wale walikuwa wakielea kuelekea kaskazini-mashariki kwa noti 2.5. Kaskazi ilikuwa ikivuma dhidi ya mkondo, na upepo ukipingana na mkondo mawimbi husimama mafupi na yenye kuta. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita moja, na boya lao lilikuwa la mita 1.2. Walijifunga pamoja kwa kamba ya boya. Papa mmoja alitokea chini yao, mwenye mapezi marefu yaliyoviringa na yenye ncha nyeupe: papa wa bahari kuu, kama picha zilivyothibitisha baadaye. Aliwazunguka kwa dakika 12 hivi na mara moja akafika umbali wa mita tatu. Walisimama wima majini, mgongo kwa mgongo, nyuso ndani ya maji, miguu ikitulia, wakimgeukia kila alipozunguka. Alipokaribia, Mpiga picha aliweka kamera kati yake na papa. Papa akaondoka.

Saa 3:32 walionekana, maili mbili za baharini kutoka ncha, na saa 3:34 walikuwa kwenye boti.

Karibu saa 4:20 Mwenzi alianza kuhisi maumivu kwenye bega la kushoto na ganzi kwenye vidole. Akanyamaza. Saa 5:05 alimwendea mwalimu: "Mwalimu, bega hili halijatulia tangu nipande. Labda nimelivuta nilipokuwa nikimshika mwenzangu."

Maamuzi na sababu zake

Kiongozi hakushuka hadi mita 41. Alikuwa na wageni wengine wawili kwenye mwamba, baa 120 mtungini, na watu wawili waliokuwa wameshaingia kwenye maji yanayozama. Angeshuka, wangekuwa watu watatu chini na wawili bila kiongozi. Alipopanda alibeba taarifa ambayo boti haikuwa nayo: idadi, saa na upande. Taarifa hiyo ndiyo iliyookoa zaidi ya kitu kingine chochote, na kuna viongozi wengi wa mbizi ambao moyo ungewashinda wakashuka.

Nahodha aliamua kuwakusanya walioonekana kwanza. Sababu yake ilikuwa kwamba boti isingeweza kwenda mbali huku watu wengine wakiwa majini. Uamuzi huu ulikuwa sahihi. Kosa ni kuzunguka baada ya hapo mahali pa kuingilia, kana kwamba watu hubaki walipoachwa.

Mwalimu aliposikia habari ya bega alishuku ugonjwa wa kupanda haraka, ambapo naitrojeni hufanya mapovu mwilini, na hakungoja. Saa 5:08 Mwenzi alikuwa amelazwa chali na barakoa ya oksijeni usoni. Hakupewa dawa ya maumivu, ili dalili zisifichike. Akapimwa nguvu ya kushika kwa mikono yote miwili, hisia za vidole na uso, macho kufuata kidole, na matokeo yakaandikwa kila nusu saa. Daktari wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, alishauri kwa simu: arudishwe Mombasa kwenye chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha tiba chenye shinikizo kubwa, kwa njia ya bahari. Saa 5:20 nanga iling'olewa.

Matokeo

Boti ilifika Mombasa saa 12:20 jioni. Mwenzi alitibiwa kwa jedwali la 6 la matibabu la Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambalo huanza kwa shinikizo la mita 18 na kuchukua saa 4 na dakika 45 lisipoongezwa muda. Maumivu yaliisha ndani ya chemba. Ganzi kidogo ilibaki kwenye vidole viwili, ikaisha baada ya matibabu mafupi ya siku ya pili.

Mpiga picha hakupata dalili. Alikuwa na tiketi ya treni ya kwenda Nairobi kesho yake, na hapa watu wa pwani wanapaswa kuwa macho, maana wageni wengi wa mwisho wa wiki hutoka bara. Kanuni ya kutopanda ndege baada ya kupiga mbizi, angalau saa 18 kwa aliyepiga mbizi nyingi kwa siku kadhaa, ni kanuni ya mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Aliyetoka majini akapanda treni au basi hadi huko, mwili wake unapitia punguzo la shinikizo linalokaribiana na la ndani ya ndege. Kwa sababu ya kina na kasi ya kupanda, Mpiga picha alibakizwa Mombasa siku mbili.

Uchambuzi

*Maji*

Kosa la kwanza lilifanyika usiku, mezani, wakati mpango ulipobadilishwa. Maji yanapopwa hayaondoki kwa mwendo mmoja. Ukiyagawa mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba nusu ya maji yote. Saa 2:24 ilikuwa katikati ya saa ya nne, tena siku ya bamvua. Mbizi tano za kwanza zilipigwa karibu na maji kusimama, na wote wakadhani wameijua ncha.

Jedwali la maji halitoshi, kwa kuwa kwenye ncha iliyo nje baharini mkondo unaweza kugeuka mapema au kuchelewa kuliko maji yanavyopwa ufukweni. Kipimo ni rahisi na hakuna aliyekifanya. Boti ikiwa imetia nanga na kulala na mkondo, tupa kumbi la nazi kwenye omo, mbele ya boti, hesabu sekunde hadi lifike tezi, nyuma yake. Gawanya urefu wa boti kwa mita kwa hizo sekunde, zidisha kwa mbili, utapata noti. Kwa boti hii ya mita 16, sekunde 13 zingetoa karibu noti 2.5. Mzamiaji mwenye vifaa kamili hawezi kushindana kwa muda na mkondo unaozidi noti moja.

*Gesi mbili kwenye jozi moja*

Nitroksi ya 32 ina kikomo cha mita 33 na kitu kwa shinikizo la oksijeni la baa 1.4, ambalo ndilo la kufanyia kazi, na mita 40 kwa 1.6, ambalo ni dari. Mita 41 ni mara 5.1 ya shinikizo lililo juu ya maji, na 5.1 mara 0.32 ni 1.63. Mpiga picha alivuka dari. Akifanya hivyo alikuwa anabana pumzi na kupiga mapezi kwa nguvu, na kaboni dayoksaidi inayorundikana mwilini kwa namna hiyo humsogeza mtu karibu zaidi na degedege la oksijeni. Degedege hilo linaweza kuja bila onyo, na chini ya maji mtu huachia mdomo wa regyuleta, kifaa cha kupumulia. Hatari kubwa kuliko zote asubuhi ile ilikuwa hii, na haikuacha alama yoyote. Kwa hiyo ndiyo rahisi kusahaulika wakati wa kusimulia.

Mwenzi, kwa hewa ya kawaida, alikuwa salama upande wa oksijeni na vibaya upande wa naitrojeni. Kwenye kina kilekile yeye alikuwa anavuta naitrojeni yenye shinikizo la 4.0, Mpiga picha 3.5. Wakapanda pamoja kwa kasi ileile mbaya, na bega lililouma likawa la Mwenzi. Jozi yenye gesi mbili haina kikomo kimoja: kila mmoja akimfuata mwenzake anamfuata kwenye hatari isiyo yake. Jozi zipangwe kwa gesi kabla ya kupangwa kwa urafiki.

Je, Mwenzi alikosea kufuata? Kwa kanuni, ndiyo: wajibu wa kumfuata mwenzako unakoma kwenye kikomo chako, na kikomo chake kilikuwa mita 28 za mpango, 30 za cheti. Lakini boya lilikuwa lake, na mkono uliomshika Mpiga picha kwenye maji yanayozama ulikuwa wake. Asingeshuka, huenda Mpiga picha angetokeza peke yake, bila ishara, kwenye mawimbi yale. Ndiyo sababu kosa lihesabiwe mahali lilipozaliwa, kwa yule aliyeachia mwamba baada ya kuambiwa abaki, na kwa mpango ulioruhusu mtu kuteremka bila boya kwa sababu mikono imejaa kamera.

Walivyotoka kwenye mkondo unaozama ni jambo la kufundishia. Hawakujaribu kupanda wima kando ya ukuta, ambako maji yanashuka. Walikwenda nje, mlalo, hadi mkondo ulipolegea. Walichokosa ni kukumbuka kwamba hewa uliyoijaza ukiwa unavutwa chini lazima uitoe mara tu unapoachiwa. Mkono wa kushoto ubaki kwenye vali muda wote.

*Papa*

Papa hawakumdhuru mtu. Pingusi walipita zao. Yule wa bahari kuu ni papa mdadisi anayepima chochote kinachoelea, na wawili wale walimpa anachostahili: macho, utulivu, mwili uliosimama wima. Kulala kifudifudi na kupiga maji, kama mtu anayeogelea kukimbia, ni kumwita.

Matumbo ya samaki ni suala la boti. Haiwezekani kuonyesha kwamba ndiyo yaliyomleta papa yule, aliyekuja saa mbili baadaye na maili moja au zaidi kutoka hapo. Lakini kundi la kiongozi, likiwa limesimama mita 5, liliona papa wawili wa kijivu wa mwambani wakipanda mara kwa mara hadi chini ya boti. Papa wa kijivu akibanwa hutoa onyo linalosomeka: mapezi ya ubavuni huyashusha, mgongo huupinda, na huogelea kwa kujinyonganyonga. Ukiona hivyo, mpe nafasi na urudi nyuma ukimtazama. Kumwaga harufu ya damu mahali ambapo watu watapandia ni kujitafutia onyo hilo.

*Kutafuta*

Hapa nahodha alifanya jambo moja zuri sana na mawili ya kuchelewesha. Jaketi lililorushwa lilikuwa shahidi: lilielea kwa mwendo wa watu, likaonyesha upande na kasi. Lakini alianza kulifuata baada ya kuzunguka bure. Kwa noti 2.5 mtu huenda mita 77 kila dakika. Dakika kumi za kuzunguka ni zaidi ya mita 770, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita moja hakionekani zaidi ya mita mia chache.

Wito nao ulipaswa kuwa Mayday, ule wa daraja la kwanza. Watu wawili wasioonekana kwenye bahari iliyochafuka wako katika hatari ya maisha, hata kama nahodha anaamini atawapata. Pia VHF huona kama jicho linavyoona, na antena ya mita nne haifiki nchi kavu kwa maili 56. Simu ya setilaiti ilipaswa kupigwa mara baada ya wito, isingoje dakika sita.

Kilichowapata hatimaye ni jua. Wakati wote boti ilikuwa inawatafuta ikielekea kaskazini-mashariki, jua la asubuhi likiwa usoni mwa nahodha na maji yote yakimeta. Boya la chungwa ndani ya mmeto huo ni doa jeusi kama mawimbi mengine. Baharia aliyekuwa juu ya paa alishauri wapite mbele ya jaketi, kisha wageuke. Walipogeuka, jua likawa mgongoni, na boya likaonekana ndani ya dakika moja. Ushauri huo ulitoka kwa mtu mwenye cheo cha chini kuliko wote kwenye boti, na nahodha aliusikia.

*Oksijeni*

Lita 5 mara baa 150 mara mitungi miwili ni lita 1,500. Kwa barakoa ya kawaida ya lita 15 kwa dakika, ni dakika 100. Safari ya kurudi ilikuwa dakika 420, ambazo zingetaka lita 6,300. Boti ilitembea na robo ya oksijeni iliyohitajika, na hakuna aliyewahi kuipigia hesabu kwa sababu mitungi miwili inaonekana mingi ikiwa imesimama kwenye kona.

Baada ya dakika 20 mwalimu alibadilisha barakoa, akatumia ile yenye vali inayotoa oksijeni mtu anapovuta pumzi tu. Matumizi yakashuka hadi karibu lita 8 kwa dakika, na lita 1,200 zilizobaki zikadumu saa mbili na nusu. Zilipokwisha, Mwenzi alivuta nitroksi ya 32 kupitia regyuleta hadi Mombasa. Nitroksi haishindi oksijeni safi, lakini inaishinda hewa, na mitungi mitatu iliyojaa ilikuwapo. Ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua alichonacho.

Zile dakika 45 za kunyamaza za Mwenzi hazihitaji lawama nyingi. Karibu kila mwenye ugonjwa huu huanza kwa kutafuta sababu nyingine ya maumivu. Dawa yake ni kwa timu kuuliza bila kungoja. Watu waliopanda kwa kasi ile walipaswa kupewa oksijeni na kupimwa saa 3:34, walipogusa sitaha.

Yaliyobadilishwa

Boti sasa hubeba oksijeni inayohesabiwa kwa dakika za kurudi bandarini mara lita 8, na robo ya ziada; kwa kisiwa hiki ni lita 4,200, mitungi minne ya lita 7 yenye baa 150. Kila mzamiaji hushuka na boya lake la mita 1.8, na asiye nalo haingii. Kumbi la nazi hutupwa kabla ya kila mbizi ya ncha, na likitoa zaidi ya noti moja kundi huenda upande wa ndani. Mpishi hutumbua samaki kwenye ndoo yenye kifuniko, na ndoo hiyo humwagwa boti ikiwa njiani, mbali na mwamba.